Muuguzi Tabibu katika Huduma ya Afya ya Msingi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya husikika kwenye mabenchi ya kusubiria, kwenye dirisha la mapokezi, na miongoni mwa wauguzi wenyewe wanaofikiria kurudi shule. Kiswahili bado hakijakubaliana juu ya jina moja la cheo hiki. Wapo wanaosema muuguzi mtaalamu, wapo wanaosema muuguzi wa ngazi ya juu, na wengine hutaja tu herufi mbili za Kiingereza, NP (nurse practitioner). Hapa tunasema "muuguzi tabibu" kwa kuwa jina hilo linataja kazi yenyewe: ni muuguzi, na anatibu.

## Mambo ya mwanzo

Muuguzi tabibu ni nani hasa?

Ni muuguzi aliyesajiliwa ambaye amerudi chuoni kusomea kumpima mgonjwa, kutambua ugonjwa, kuagiza vipimo na kusoma majibu yake, kuandika dawa, na kumfuatilia mgonjwa huyo hadi jambo lake liishe. Akifaulu hupewa usajili wa ziada, juu ya ule wa uuguzi, unaomruhusu kufanya hayo kwa jina lake.

Hayo maneno "kwa jina lake" yana uzito. Nesi mwenye uzoefu anaweza kumtazama mtoto na kujua papo hapo kwamba sikio limeingiwa na maambukizi, lakini dawa itasubiri sahihi ya mtu mwingine. Muuguzi tabibu anasaini mwenyewe. Na lawama ikija, inamjia yeye.

Kwa hiyo ni nesi aliyepandishwa cheo?

Hapana. Nesi akipandishwa cheo huwa msimamizi wa wodi, baadaye pengine matroni, na kadiri anavyopanda ndivyo anavyozama kwenye ratiba, ripoti na vikao. Muuguzi tabibu anabaki na mgonjwa, ila upana wa anachoruhusiwa kumfanyia ndio uliobadilika. Muuguzi mkuu wa hospitali nzima anaweza kuwa na mamlaka makubwa kuliko yeye na bado asiruhusiwe kuandika antibiotiki hata moja.

Na daktari, wanatofautiana wapi?

Daktari amesomea udaktari tangu mwanzo: mwili kwa undani, magonjwa ya kawaida na yale nadra, wodi zote kwa zamu. Kwa Marekani, daktari wa familia hupita miaka 4 ya chuo cha udaktari baada ya shahada ya kwanza, kisha miaka 3 ya mafunzo kazini. Njia ya muuguzi tabibu ni fupi zaidi na nyembamba zaidi. Anayajua vizuri magonjwa yanayojaza kliniki kila siku, na anatakiwa kushtuka mapema linapoingia lisilo la kila siku.

Tofauti ya saa za mafunzo ni kubwa na hakuna faida ya kuificha. Kama tofauti hiyo inaonekana kwa wagonjwa wa kliniki ya msingi, hilo tumelipa nafasi yake chini, kwenye swali la ushahidi.

Na afisa tabibu?

Majina yanafanana, njia ni mbili. Afisa tabibu, kada inayojulikana sana Tanzania, Kenya, Uganda na Malawi, husomea kutibu tangu siku ya kwanza chuoni na hakupitia uuguzi. Muuguzi tabibu aliingia kwa mlango wa uuguzi, akafanya kazi kama muuguzi, ndipo akaongeza utabibu. Kazi zao kliniki zinaweza kufanana kwa sehemu kubwa, hata mgonjwa asione tofauti. Ni kwa sababu hiyo nchi zenye maafisa tabibu wengi hazikuwa na haraka ya kuunda kada ya wauguzi tabibu, kwa maana nafasi ilishakuwa na mtu.

Cheo hiki kilianzia wapi?

Kwenye Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, mwaka 1965. Loretta Ford, muuguzi wa afya ya jamii, na Henry Silver, daktari wa watoto, walianzisha mafunzo ya wauguzi yaliyolenga afya ya watoto. Madaktari walikuwa wachache vijijini na kwenye mitaa ya maskini, na Ford alikuwa ameona kwa macho yake kuwa wauguzi wa jamii walishafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila kutambuliwa. Kelele zilitoka pande zote mbili: baadhi ya madaktari walihofia kuingiliwa, na baadhi ya wauguzi wakamwona Ford kama msaliti anayewapeleka wenzake kuwa vibarua wa madaktari. Aliishi kuyaona matunda yake kwa miongo sita, na alifariki Januari 2025 akiwa na umri wa miaka 104.

Kanada ilifuata mapema. Botswana ilianza kufundisha wauguzi tabibu wa familia mapema katika miaka ya 1980. Australia, New Zealand, Ireland na Uholanzi zilikuja baadaye, na kila nchi ilishona nguo hii kwa kipimo cha mwili wake.

Kwa nini anatajwa sana kwenye huduma ya msingi kuliko hospitali kubwa?

Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 liliielezea huduma ya afya ya msingi kama mahali pa kwanza mtu anapokutana na mfumo wa afya, karibu na anapoishi na anapofanya kazi. Mahali hapo panajaa vitu vinavyojirudia: presha, kisukari, pumu, homa za watoto, uzazi wa mpango, vidonda, mafua, chanjo, msongo wa mawazo. Vingi kati ya hivyo haviponi kwa ziara moja. Vinahitaji mtu atakayemwona mgonjwa tena na tena, amkumbuke, na amuulize kwa nini dawa za mwezi uliopita zimebaki nusu. Huo ulikuwa uuguzi tangu zamani, na kilichopungua kilikuwa kalamu ya kuandika dawa.

## Ndani ya chumba cha matibabu

Anatibu magonjwa gani?

Inategemea alichosomea. Wapo wa familia, ambao huona watu wa rika zote, wapo wa watoto, wa wazee, wa afya ya akili, wa afya ya wanawake. Yule wa familia ndiye utakayemkuta zaidi kwenye huduma ya msingi. Atashughulikia maambukizi ya kawaida, magonjwa ya kudumu yasiyo na vurugu, uchunguzi wa mapema wa saratani kama ya shingo ya kizazi, uzazi wa mpango, ngozi, majeraha madogo, na ushauri wa kuacha sigara au kupunguza uzito.

Jambo moja watu hulisahau: mipaka yake inafuata mafunzo yake, haifuati uhodari wake. Muuguzi tabibu wa watoto, hata awe na kipaji cha namna gani, hatakiwi kubadilisha dawa za presha za babu aliyemleta mtoto.

Ziara moja kwake inakwendaje?

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 52 amepimwa presha mahali, akaambiwa ni 158 kwa 96, akaja na karatasi mkononi akiwa na hofu. Muuguzi tabibu hamrukii na dawa. Kwanza anamwuliza kama anahitaji kwenda chooni, kwa sababu kibofu kilichojaa hupandisha kipimo. Kisha anamkalisha dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu haijakunjana, mkono umepumzika mezani usawa wa moyo. Mkanda unafungwa juu ya ngozi, si juu ya mkono wa sweta, na anauchagua kwa unene wa mkono, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya uongo, ya juu. Anapima, anasubiri, anapima tena. Wakati wa kupima hakuna anayeongea.

Safari hii ni 146 kwa 90. Bado iko juu, lakini si ile ya kumkosesha mtu usingizi. Sasa ndipo maswali yanaanza. Unatumia dawa gani nyingine? Hakuna. Hata za maumivu? Ah, za magoti, natumia kila siku tangu mwaka jana. Anaitoa kwenye pochi: diklofenaki. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo. Mgonjwa hakuihesabu kama dawa kwa sababu hakuna aliyemwandikia.

Kwa hiyo anabadilishiwa dawa ya magoti, anapimwa mkojo kuona kama una protini, anatolewa damu kwa ajili ya figo na sukari, na anapangiwa siku za kuja kupimwa tena kabla ya kuamua kama anahitaji dawa ya presha ya kila siku. Akija kuihitaji, tuseme amlodipini, ataambiwa kabisa kwamba inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu, ili vikivimba aje kusema badala ya kuitupa dawa kimyakimya.

Anaandika dawa zote?

Zipo nchi anazoandika karibu zote, na zipo zinazompa orodha. Uingereza, tangu mwaka 2006, muuguzi aliyefuzu mafunzo ya kuandika dawa kwa kujitegemea anaweza kuandika karibu dawa yoyote iliyoidhinishwa, kwa ugonjwa wowote, mradi uwe ndani ya uwezo wake. Marekani kila jimbo lina sheria yake, na kwa dawa zenye hatari ya uraibu, kama morfini, anahitaji pia usajili wa serikali kuu.

Kipimo kizuri cha muuguzi tabibu mara nyingi ni dawa asizoandika. Mafua ya siku 3 hayahitaji antibiotiki, na kumweleza mtu hilo hadi akubali kunachukua muda mrefu kuliko kuandika karatasi.

Anaweza kuagiza eksirei na vipimo vya maabara?

Ndiyo, vile vya kawaida vya huduma ya msingi. Vipimo vikubwa kama CT au MRI vinategemea sheria ya mahali na utaratibu wa kituo. Aliyeagiza kipimo ndiye mwenye jukumu la kufuatilia jibu lake, hata likitoka siku ambayo yuko likizo. Ukipimwa, uliza kabla hujaondoka: jibu nitalipataje, na nisipolisikia hadi lini nipige simu?

Mwanangu ana homa na kikohozi. Nimpeleke kwake au nitafute daktari?

Mpeleke kwake. Kumtambua mtoto mwenye nimonia ni kazi aliyofundishwa hasa. Atafungua nguo ya mtoto kifuani na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, kwa saa na si kwa kukisia. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni kupumua kwa kasi. Kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi 2 kiwango ni 60.

Lakini mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na kuwa vigumu kuamka, usimpeleke kliniki ya miadi ya mtu yeyote. Nenda moja kwa moja kwenye dharura.

Anafanya upasuaji?

Mdogo sana. Kushona jeraha, kupasua jipu na kutoa usaha, kuweka na kutoa kipandikizi au kitanzi, kukata kipande cha ngozi kwa uchunguzi, haya anaweza kufanya kama amefunzwa na kituo kinaruhusu. Upasuaji wa kuingia ndani ya mwili si kazi yake. Kuzalisha nako ni kwa wakunga, isipokuwa awe amesomea na hilo.

Ni wakati gani anapaswa kunipeleka kwa daktari?

Ugonjwa unapovuka mafunzo yake, unapokataa kusikia dawa, au picha isipoeleweka. Maumivu ya kifua yenye jasho na kukosa pumzi, uso uliopinda upande mmoja na mkono usionyanyuka, kutokwa damu kusikokatika: haya yanaondoka kwake dakika hiyo hiyo. Kisukari kisichoshuka licha ya dawa 2 au 3, uvimbe usioeleweka, kupungua uzito bila sababu, hivyo anaanza uchunguzi huku akiandika rufaa.

Watu wengine huiona rufaa kama ushahidi kwamba hakujua. Mimi humwogopa zaidi yule asiyeandika rufaa mwaka mzima. Rufaa nzuri utaitambua kwa karatasi yake: imeandikwa kilichoonekana, kilichopimwa, dawa zilizojaribiwa na kwa muda gani, na swali mahususi kwa anayepokea. "Tafadhali mwone mgonjwa huyu" pekee si rufaa, ni kumfukuza mtu kwa adabu.

## Ubora na usalama

Kuna ushahidi kwamba anatibu vizuri kama daktari?

Kwa huduma ya msingi, upo, na ni wa muda mrefu. Mapema miaka ya 1970 huko Burlington, Ontario, Kanada, familia ziligawanywa kwa bahati nasibu, nyingine kwa madaktari na nyingine kwa wauguzi tabibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1974 yalionyesha afya za makundi yote mawili zikifanana, na wauguzi hao walimaliza ziara 67 kati ya kila 100 bila kuhitaji kumwuliza daktari.

Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa New York wa wagonjwa 1,316, nao uligawa watu kwa bahati nasibu. Baada ya miezi 6 hapakuwa na tofauti ya maana katika afya zao. Kwa wenye presha, namba ya chini ilikuwa nzuri kidogo kwa wagonjwa wa wauguzi: wastani wa 82 dhidi ya 85.

Afrika Kusini, katika jimbo la Free State, kliniki 31 zilishiriki utafiti wa kuwapa wauguzi ruhusa ya kuanzisha na kuendeleza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Matokeo yalitoka mwaka 2012: virusi vilidhibitiwa sawasawa na chini ya madaktari. Hawa walikuwa wauguzi waliopewa mafunzo ya ziada kazini, hawakuwa wauguzi tabibu kwa maana kamili, lakini hoja ni ile ile.

Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya majaribio 18 na kuhitimisha kuwa wauguzi wanaofanya kazi ya madaktari katika huduma ya msingi huenda wanaleta matokeo sawa au bora kidogo, na wagonjwa wanaridhika zaidi kidogo. Angalizo ni kwamba karibu majaribio yote yalifanyika kwenye nchi tajiri, kwenye maabara zinazofanya kazi na dawa zisizokatika.

Mbona kuna watafiti wanaosema kinyume?

Wapo, na inafaa kuwasoma. Utafiti wa mwaka 2022 uliochunguza vyumba vya dharura vya hospitali za maveterani wa Marekani ulikuta kuwa wagonjwa walioonwa na wauguzi tabibu walikaa muda mrefu zaidi kwa asilimia 11, na kulazwa hospitalini kunakoweza kuzuilika kukaongezeka kwa asilimia 20, ikilinganishwa na walioonwa na madaktari.

Mimi siuoni kama unaufuta ule wa kliniki. Chumba cha dharura ni mahali ambapo usichokijua kinakuja kwako kila baada ya dakika chache, nacho hakisubiri. Kliniki ya msingi ni mahali pa yale yanayojirudia, na ukikosea kidogo leo una nafasi ya kurekebisha wiki ijayo. Anayechukua mafanikio ya kliniki kama hoja ya kumweka muuguzi tabibu peke yake zamu ya usiku kwenye dharura, anatumia ushahidi vibaya.

Kwa nini ziara zake ni ndefu?

Kwa sehemu ni malezi ya kazi: ameyazoea maswali ya chakula, usingizi, nani anakaa nyumbani, nani anashika dawa. Kwa sehemu ni ratiba, kwani vituo vingi humpangia wagonjwa wachache kwa saa. Ukimpa foleni ya watu 60 kwa siku, tofauti hiyo itayeyuka, na pamoja nayo sehemu kubwa ya sifa zake.

Akikosea, nani anawajibika?

Yeye kwanza, mbele ya baraza la wauguzi lililompa leseni. Kituo kinaweza kuwajibika pia kama kilimtuma kufanya kazi nje ya mipaka yake. Pale sheria inapotaka asimamiwe na daktari, msimamizi naye anaweza kuulizwa, na hili ndilo linalowafanya madaktari wengi kukataa kusaini usimamizi wa mtu wasiyemwona kazini. Wana haki.

## Mafunzo na sheria

Inachukua miaka mingapi?

Hesabu ya kawaida: miaka 3 hadi 4 ya uuguzi, miaka kadhaa ya kazi, kisha shahada ya uzamili ya miaka 2 au 3. Mwongozo wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi wa mwaka 2020 unapendekeza uzamili kama kiwango cha chini. Wengine huendelea hadi shahada ya udaktari wa uuguzi.

Usichunguze miaka tu. Chunguza saa za kukaa na wagonjwa. Australia inadai saa 5,000 za kazi ya uuguzi wa ngazi ya juu ndani ya miaka 6 iliyopita, pamoja na uzamili, kabla ya kumpa mtu cheo hiki. Kwingine masharti ni mepesi zaidi, na zipo programu zinazompokea mtu aliyemaliza uuguzi jana, zikamfundisha kwa mtandao na kumwachia atafute mwenyewe mahali pa mazoezi. Ukimwuliza muuguzi wa miaka 15 kazini juu ya programu hizo, jiandae kusikia maneno makali.

Mimi ni nesi wa miaka 20. Si nimeshajua yote haya?

Mengi, ndiyo. Macho yako yanajua mgonjwa aliye hatarini kabla ya mashine kulia. Lakini kujua kuwa mtu anaumwa na kujua anaumwa nini ni vitu viwili. Mafunzo yanakupa mpangilio wa kufikiri: magonjwa gani 4 yanaweza kuleta dalili hii, lipi haliruhusiwi kukosewa, kipimo gani kitayatenganisha. Wauguzi wenye uzoefu husema kitu kilichowasumbua zaidi kilikuwa kukaa upande wa pili wa meza, mahali ambapo hakuna wa kumwuliza "niendelee?"

Anaruhusiwa kufanya kazi bila daktari kabisa?

Zaidi ya nusu ya majimbo ya Marekani humruhusu kupima, kutambua ugonjwa na kuandika dawa bila mkataba wa usimamizi. Mengine hudai mkataba na daktari, wakati mwingine kwa miaka ya mwanzo tu. Nchi nyingine hazimtambui kisheria kabisa, hata kama kazi anaifanya.

Uhuru huo wa kisheria usichanganywe na upweke. Hata pale anaporuhusiwa kufungua kliniki yake, anahitaji daktari wa kumpigia simu, mfamasia, na njia ya rufaa inayofanya kazi. Daktari wa familia naye huhitaji bingwa wa moyo wa kumwuliza, na hakuna anayemwona dhaifu kwa hilo.

Leseni yangu itakubalika nikihamia nchi nyingine?

Usitegemee. Mipaka ya kazi, kiwango cha elimu, hata jina la cheo hubadilika ukivuka mpaka. Mara nyingi utakubaliwa kwanza kama muuguzi wa kawaida, ndipo utaomba cheo hiki upya. Kusanya mapema mitaala uliyosoma na hesabu ya saa za mazoezi zilizosainiwa, maana baada ya miaka 10 kuvipata ni kazi.

## Pesa na siasa za kazi

Kumtumia ni nafuu?

Mshahara wake ni mdogo kuliko wa daktari na mafunzo yake yanagharimu kidogo. Marekani, bima ya serikali kwa wazee humlipa asilimia 85 ya kiwango cha daktari kwa huduma ile ile. Lakini ziara zake ni ndefu na wagonjwa hurudi mara nyingi zaidi, kwa hiyo mapitio ya Cochrane tuliyotaja juu hayakuweza kusema kwa uhakika kama gharama inapungua.

Burlington wana somo hapa. Wagonjwa walikuwa salama na wameridhika, ila kituo kilipoteza karibu asilimia 5 ya mapato, kwa sababu bima haikulipa kazi aliyoifanya muuguzi bila daktari. Mafunzo ya wauguzi tabibu huko Ontario yalikuja kusimama katika miaka ya 1980 na kufufuliwa baadaye. Utafiti ulisema ndiyo, fomu ya malipo ikasema hapana.

Hii si njia ya kukwepa kuajiri madaktari?

Inaweza kuwa. Dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 mwaka 2023 na bado kulikuwa na pengo la milioni 5.8, kwa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025. Ukimtoa nesi mzuri wodini kwenda kuwa tabibu, wodi nayo inalia. Mpango wa kweli unaajiri wa kuziba nafasi yake, unampandishia mshahara, na unamwachia daktari wagonjwa wagumu wanaohitaji muda. Ukiona kituo kimempa muuguzi kazi ya daktari kwa mshahara ule ule wa nesi na bila karatasi ya kumlinda, hapo kuna mtu anabeba mzigo wa wengine.

## Hali zisizo za kawaida

Nimwite nani: nesi, sista au dokta?

Mwulize. Wagonjwa wengi humwita dokta yeyote mwenye koti jeupe, na yeye ana wajibu wa kusahihisha: "Mimi ni muuguzi tabibu." Wenye shahada ya udaktari wa uuguzi wana haki ya jina hilo chuoni, lakini mbele ya mgonjwa linachanganya, na baadhi ya majimbo ya Marekani yameweka sheria juu yake.

Naweza kumkataa na kudai daktari?

Unaweza kuomba, na unapaswa kuambiwa ukweli juu ya muda wa kusubiri. Kwa jambo la kawaida huenda ukasubiri wiki 3 kwa kitu ambacho kingeisha leo. Kama una sababu, kwa mfano umekuja mara 3 kwa tatizo lile lile na haliishi, iseme wazi. Ni sababu nzuri, na muuguzi tabibu mzuri atakuwa ameanza kuifikiria kabla yako.

Yeye ameandika dawa hii, daktari ameandika ile. Nifuate ipi?

Usiamue kwa cheo, wala usitumie zote mbili. Zibebe dawa zote kwenye mfuko mmoja, urudi kwa mmoja wao au kwa mfamasia, uzimwage mezani. Mara nyingi utakuta hawakutofautiana: kila mmoja hakujua mwenzake ameandika nini.

Nina kisukari, moyo na figo kwa pamoja. Bado ananifaa?

Anafaa kama sehemu ya timu. Mabingwa wapange matibabu, yeye ashike uzi: akague miguu yako kwa ule uzi mwembamba wa kupima hisia, ahakikishe dawa za bingwa mmoja hazigombani na za mwingine, akuone katikati ya miadi ya mbali. Akikuambia ataubeba mzigo wote peke yake, tafuta mwingine.

Anaweza kusaini likizo ya ugonjwa au cheti cha kifo?

Sheria za mahali ndizo zinazoamua. Likizo ya ugonjwa inaruhusiwa sehemu nyingi kuliko cheti cha kifo. Uliza kabla hujaondoka, kwa sababu karatasi iliyosainiwa na mtu asiyeruhusiwa inarudishwa na mwajiri, nawe unapanga foleni upya.

Nitajuaje kama kweli amesajiliwa?

Mwombe jina kamili na namba ya usajili, kisha angalia kwenye rejista ya baraza la wauguzi. Nchi nyingi zimeiweka kwenye mtandao, na pasipo na mtandao ofisi ya baraza hujibu kwa simu. Tazama vitu viwili: kama leseni haijaisha muda, na kama imeandikwa kada ya juu au uuguzi wa kawaida tu. Akikasirika kwa kuulizwa namba, umeshapata jibu lako kabla ya kufungua rejista.